Pozishona ya Bwawani

Kila asubuhi, kabla ya kumimina chai, Latifa alifuta kioo cha geji kwa kipande cha kanga kuukuu, kwa sababu ukungu wa milimani hupita hata palipozibwa. Alipomaliza, simu ya ndani ililia. Alikuwa Meneja Elisante, kutoka ofisini kwake kiwandani, juu ya mashamba ya chai.

"Habari za bwawani, Latifa."

"Nzuri. Shikamoo, Meneja."

"Marahaba. Waachie nusu."

Latifa alihakikisha kigurudumu cheusi cha ukutani, cha kuongozea koki, kiko kwenye nusu. Nje ya kibanda, hewa ya bombani inayoisukuma koki kubwa ilivuma kidogo, sindano ya geji ikatetemeka, ikatulia. Nusu ya maji ya bwawa ilishuka mferejini kwenda bonde la Kwemnyanga, kwenye bustani za kabichi na karoti. Nusu nyingine ilikwenda kuzungusha mtambo wa umeme wa kiwanda, kisha ikamwagika upande wa pili wa mlima, ambako hakuna mtu anayelima. Ndivyo ilivyotamkwa hadharani siku serikali ilipokiuza kiwanda: mmiliki mpya atawaachia watu wa bonde nusu. Baada ya hapo Latifa alimimina chai.

Jumatatu ile chai ilikuwa bado inamiminika sindano iliposhuka. Ilishuka bila haraka, kama mtu anayeketi, ikapita robo, ikalala kwenye sifuri. Mlio wa maji mferejini ukakatika. Latifa aliweka birika chini, akatazama kigurudumu. Kilikuwa kwenye nusu. Alipiga simu.

"Meneja, koki imefunga yenyewe."

"Nimesema uwaachie nusu."

"Ndiyo, Meneja. Nimeweka nusu."

"Basi mwite yule fundi," alisema, akakata simu.

Fundi Mikaeli alikuwa bado yuko Lushoto mjini akisubiri usafiri wa kurudi Tanga. Jumamosi ndiyo aliyopanda bwawani kufunga kisanduku kipya juu ya koki, kwa kuwa kiwanda kilikuwa kinafanywa cha kisasa, kipande baada ya kipande. Alipofika tena, akiwa na begi lake la spana, alikuta kina mama wa Kwemnyanga wameshapanda kutazama maji yao yamepatwa na nini. Mama yake Latifa, Bi Fatuma, alikuwa miongoni mwao. Alikuwa amesimama nyuma, jembe begani. Hakumtazama binti yake, asije akaonekana anamwomba kitu kazini.

Bi Mwajuma, jirani yao, ndiye aliyeuliza. "Baba, hicho ulichokibandika hapo juu kinaitwaje?"

"Pozishona, mama."

"Kinashona nini?"

"Hakishoni. Ni jina tu." Mikaeli alifungua kifuniko, wakaona sindano ndogo, springi, na mkono wa chuma ulioshikana na shina la koki. "Kazi yake ni kutazama. Kinatazama koki imeambiwa ikae wapi, na kweli imekaa wapi. Kikiona pengo kati ya neno na kitendo, kinasukuma mpaka pengo lizibe."

"Basi kinashona," alisema Bi Mwajuma. "Na sindano si hiyo hapo?"

Kina mama wakacheka, na kuanzia siku hiyo bondeni hakuna aliyekiita kisanduku kile jina jingine ila Cherehani.

Mikaeli alikipima asubuhi nzima. Hewa ilikuwa safi, mpira wake wa ndani haukuwa umetoboka, springi ilikuwa na nguvu zake. Alimwambia Latifa ampigie Meneja na kuomba agizo upya. Meneja akasema nusu, Latifa akaweka nusu, shina la koki likashuka na kufunga. Mikaeli akakuna kidevu.

"Sasa sema wewe," alimwambia Latifa. "Acha ya Meneja. Agiza wewe mwenyewe."

"Niseme ngapi?"

"Sema nusu."

"Nusu," alisema Latifa kwa sauti ya chini, akazungusha kigurudumu. Shina la koki lilipanda, likafika nusu, likaipita, likaendelea mpaka juu kabisa. Maji yalitoka kwa kishindo, yakafurika mferejini na kulowesha miguu ya kina mama. Mikaeli alimtazama Latifa, kisha akatazama lile jembe begani mwa Bi Fatuma.

"Mama yako analima nini kule?"

"Kabichi."

"Zimefikia wapi?"

"Ndiyo kwanza zinafunga."

"Eeh," alisema Mikaeli, akaanza kukusanya spana zake. "Haina ubovu. Kuna kiwanda kimoja cha katani huko tambarare, cha kwao kilikuwa kinafuata anachotaka mke wa bwana shamba. Cha kwenu kinafuata anachomaanisha mwenye kuagiza. Midomo haikihusu."

"Lakini koki hii imekaa nusu tangu kiwanda kiuzwe," alisema Latifa.

Mikaeli alimwonyesha kiganja. Kilikuwa na unga mwekundu aliokwangua kwenye shina la koki siku ya Jumamosi, na maji ya sabuni hayakuutoa wote. "Ilikuwa imeshikwa na kutu," alisema. "Ukiiambia ipande haipandi, ukiiambia ishuke haishuki. Mimi nikaisafisha."

Hivyo ndivyo watu wa Kwemnyanga walivyojua kwamba miaka yote ile aliyewaachia nusu alikuwa kutu. Bi Mwajuma alisema kama angejua mapema angeipelekea hata bakuli la ubwabwa. Kisha wakateremka, kwa sababu Meneja alikuwa amepiga simu kuuliza, Latifa akawa amerudisha agizo la Meneja, na mfereji ulikuwa umeanza kukauka.

Wiki zilizofuata mvua za vuli hazikuja. Cherehani kilizoeleka, kama vitu vyote vinavyokaa kwenye njia ya watu. Njia ya kutoka bondeni kwenda kupanda magari ya Lukozi ilipita ukingoni mwa bwawa, na haukupita muda watu wakagundua kwamba kisanduku hakikuchagua msemaji. Aliyesema karibu nacho, kilimfuata. Mwalimu mmoja kijana alimwamkia mzee pale, shina la koki likainuka kiasi cha unene wa kidole, mzee akalitazama, akajibu, "Marahaba ya kiasi hicho hicho." Faraji, muuza matunda damu, alimleta mchumba wake makusudi, akamwambia maneno yake yote mbele ya koki, na koki ikapanda mpaka juu, harusi ikapangwa. Mwanamke mwingine alimpa pole jirani yake aliyefiwa na ng'ombe, sindano ikabaki sifuri, na tangu hapo hao wawili wakawa wanapita bwawani kwa nyakati tofauti. Mwishowe watu wengi walivuka ukingo ule wakiwa kimya, wakaanza kuamkiana walipofika kwenye miti ya migrevelia.

Maji yaliyotoka kwa njia hiyo yalikuwa kidogo. Salamu ya kweli ilitosha kulowesha tuta moja. Harusi ya Faraji iliokoa karoti za watu wa mwanzo wa mfereji. Kila asubuhi, hata hivyo, simu ililia, Meneja akasema awaachie nusu, na koki ikafunga tena.

Kabichi za Bi Fatuma zilikuwa na majani mapana yaliyotazama juu. Kabichi isiponyweshwa wakati wa kufunga, haifungi tena. Hubaki imekunjua mikono, na magari makubwa ya Dar es Salaam hayapakii kabichi ya namna hiyo. Bi Fatuma alichota kwa ndoo kutoka kwenye dimbwi lililobaki chini ya daraja, akanywesha tuta kwa tuta kwa kopo. Jioni Latifa alimkuta jikoni, mikono imevimba.

"Mama, nikusaidie kesho kuchota?"

"Wewe una kazi," alisema Bi Fatuma kwa Kishambaa, akisonga ugali. "Sina neno, mwanangu."

Alisema hivyo siku zote. Watu wote wa Kwemnyanga walisema hivyo. Walipopimiwa mashamba upya hawakuwa na neno. Wanaume wao walipopunguzwa kazi kiwandani hawakuwa na neno. Ilikuwa adabu yao. Aliyeulizwa mbele ya mkubwa alijibu hana neno, akaenda nyumbani na neno lake. Latifa naye alikuwa hivyo. Chuoni Tanga, mwalimu wa mitambo alimwandikia kwenye mtihani kwamba anajua lakini hasemi.

Meneja Elisante alimwita ofisini siku ya Ijumaa. Hakuwa mtu wa kelele. Alimpa kiti, akavua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Nasikia wewe ukiagiza koki inafunguka."

"Ndiyo, Meneja."

"Inafika wapi?"

"Nusu," alisema Latifa. Ofisini hapakuwa na kisanduku, na jibu likapita.

"Mwenyekiti wenu, Mzee Shabani, ameomba mkutano. Nimemwambia aje hapa. Amekataa, anataka uwe bwawani." Meneja alitabasamu kidogo. "Anajua anachofanya yule mzee. Mimi siwezi kukataa, maana na wilayani wameshasikia. Nitakuja, nitawaambia tuko pamoja nao, na wao watasema hawana neno kama kawaida yao. Unanielewa?"

"Ndiyo."

"Ile koki ndogo ya hewa, inayopeleka hewa kwenye kisanduku. Ikifungwa inakuwaje?"

"Springi inaisukuma koki kubwa chini, inafunga. Kisanduku kinakuwa chuma tu."

"Vizuri. Wewe kaa hapo, mkono wako uwe karibu. Nikivua miwani, funga." Aliisogeza miwani puani. "Latifa, mimi nikiwaachia maji, mashine mpya haziwaki. Zisipowaka, mwenye kiwanda hatauliza habari za kabichi. Ataleta meneja mwingine. Na huyo meneja mwingine ataleta msichana mwingine wa kukaa bwawani. Wasichana waliomaliza chuo siku hizi ni wengi."

Latifa alitazama mikono yake. Mshahara wake ndio uliomsomesha mdogo wake huko Bumbuli, na ndio uliowalisha mwaka ambao karoti zilioza.

"Sawa, Meneja," alisema.

Siku ya mkutano watu walikuja na vigoda vyao. Walikaa ukingoni mwa bwawa, wanaume upande wa migrevelia, wanawake upande wa mfereji, ambao kwa sasa ulikuwa ufa mrefu wa udongo. Mzee Shabani alikuwa amevaa koti lake la sherehe. Latifa alisimama kando ya bomba, koki ndogo ya hewa ikiwa usawa wa kiuno chake. Mama yake alikuwa mbele yake kabisa. Tangu alfajiri walikuwa hawajasemezana.

Meneja alifika kwa gari, akateremka peke yake. Alikuwa mdogo kwa Mzee Shabani kwa umri, kwa hiyo hapakuwa na namna.

"Shikamoo, mzee."

Kila jicho lilikwenda kwenye kisanduku. Shina la koki liliinuka kiasi cha kucha, likarudi. Tone moja lilianguka mferejini.

"Marahaba," alisema Mzee Shabani. "Karibu, Meneja. Tunakusikiliza."

Meneja aliongea vizuri. Alisema kiwanda na kijiji ni kitu kimoja. Sindano ya kisanduku haikuondoka kwenye sifuri. Alisema ahadi ya nusu iko palepale, na sindano ikajikandamiza kwenye kigingi chake mpaka kisanduku kikatoa mlio mwembamba, kama kinachotaka kushuka zaidi na hakina pa kwenda. Alisema basi pengine robo, kwa kuanzia. Mlio uliendelea. Jasho lilimtoka, lakini mkono haukwenda kwenye miwani, na Latifa alielewa kwa nini: kwa maneno yake mwenyewe koki haikuwa na haja ya kufungwa. Ilikuwa imefunga.

Mzee Shabani alingoja mpaka akamaliza. Alikuwa mpole, kama mtu anayemsaidia mwingine kutua mzigo.

"Meneja, unakitesa hicho chuma. Sema tu, kipumzike."

Meneja aliwatazama watu, akaitazama sindano. Kwa namna fulani alionekana amechoka kuliko wao.

"Kiwanda kinataka maji yote," alisema. "Hamtapata nusu. Hamtapata kitu."

Mlio ukakoma. Sindano ilikaa kwenye sifuri kwa utulivu, bila kujikandamiza. Hapakuwa tena na cha kushona.

"Haya," alisema Mzee Shabani. "Tunashukuru kwa kutuambia." Kisha, kwa kuwa ndivyo mkutano unavyofungwa, na kwa kuwa alikuwa amefunga mikutano hivyo maisha yake yote, akaongeza, "Sisi hatuna neno."

Shina la koki likapanda. Halikupanda taratibu kama siku zote. Liliruka, na maji yakatoka na kuugonga udongo mkavu wa mfereji, yakabeba majani na vumbi, yakaanza kuteremka.

Hakuna aliyeshangilia. Watu waliyatazama maji, wakamtazama mwenyekiti wao, na mmoja baada ya mwingine wakaelewa.

"Kweli, hatuna neno," alisema mzee mmoja upande wa migrevelia, na koki ikapanda zaidi.

"Hatuna neno," walisema wengine.

"Mimi hata sijui neno linafananaje," alisema Bi Mwajuma, na maji yakaruka ukingo wa mfereji na kumlowesha Meneja viatu.

Wanawake wa mwisho wa mstari walishainuka na majembe kwenda kuyaelekeza. Maji yalikuwa yamefika kona ya kwanza. Kutoka kona ile hadi bustani ya Bi Fatuma ni mteremko mtupu.

Meneja akavua miwani.

Latifa aliishika koki ya hewa. Ilikuwa ya baridi na nyepesi. Hata mtoto angeweza kuifunga. Alimtazama mama yake. Bi Fatuma aliuona mkono wa binti yake uliko, na kwa mara ya kwanza tangu kisanduku kiwekwe, alimtazama usoni akiwa kazini.

"Sina neno, mwanangu," alisema.

Koki kubwa ilikuwa imeshafika juu kabisa, haikuwa na mahali pengine pa kupanda, lakini bomba zima lilitetemeka, na nati moja ya kisanduku ikachomoka na kutumbukia bwawani.

Latifa alifunga hewa.

Kisanduku kilishusha pumzi. Springi ikasukuma, shina likashuka, maji yakakatika. Yale yaliyokuwa yameshatoka yalikimbia hadi kona ya pili, yakawa membamba, yakanywewa na udongo. Wanawake waliokuwa na majembe walisimama pale yalipoishia, kisha wakarudi na kukaa kwenye vigoda vyao, kwa sababu mkutano ulikuwa haujafungwa.

Mwaka ule kabichi za Kwemnyanga hazikufunga. Mwaka uliofuata watu walipanda mihogo, na baadhi ya vijana wakashuka tambarare huko Mnazi kutafuta mashamba. Cherehani kilirudishiwa hewa na kufanya kazi yake bila hitilafu, kwa kuwa Meneja alianza kupiga simu na kusema sifuri, na sifuri ndiyo aliyoimaanisha. Akipita bwawani siku hizo, watu walimwamkia kwa adabu na kumsifu kwamba ni mtu wa kauli moja. Lakini hayo yalikuja baadaye. Siku ile, kisanduku kikiwa chuma tu juu ya bomba, Meneja alivaa miwani yake, akauliza swali ambalo kila anayeendesha mkutano huuliza mwishoni.

"Kuna mwenye neno?"

Mzee Shabani alikuwa tayari ameshika fimbo yake ili ainuke. Latifa aliisikia sauti yake mwenyewe ikitoka, ndogo, yenye mikwaruzo, kama ya mtu aliyeamka muda si mrefu, na ilimbidi akohoe ndipo ikasikika mpaka kwenye migrevelia.

"Mimi nina neno," alisema. "Nusu ni yao. Nimefunga kwa sababu naogopa kufukuzwa, na mama, wewe unalo neno, tangu nizaliwe unalo, lakini nusu ni yenu."